Kitunguu Thomu Katika Njia ya Ujiji



Sisi watu wa mwambao twasema kitunguu thomu. Vitabu vya shule na ndugu zetu wa bara husema kitunguu saumu, na mtoto wa madrasa akilisikia jina hilo huuliza: je, kitunguu hiki kina uhusiano gani na saumu ya Ramadhani? Hakina uhusiano wowote. Saumu ya Ramadhani ni neno lingine la Kiarabu, na kitunguu hiki jina lake latokana na thum. Ndimi zetu ziliyakuta maneno mawili yaliyokuwa mbalimbali, zikayaweka mlango mmoja.

Lakini jina silo tulilokusudia kukueleza leo. Tulilokusudia ni wakati, maana kila kinachopandwa kina wakati wake, na mwenye kuhama na mbegu hawezi kuhama na majira. Katika karne iliyopita kabla ya ile ya baba zetu, watu wa Oman na wa Mrima walifunga safari kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Wengi wetu tumezoea kusimuliwa pembe na shanga walizochukua. Haya ya bustani zao husimuliwa kidogo sana, na humo mna mambo ya kuzingatia.

Kwanza tuangalie walikotoka. Katika vijiji vya Oman ya ndani, kama Nizwa na Ibra, na juu katika Jabal Akhdar, mtu hapandi thomu wakati wowote apendao. Hungoja tende zimalizike kuvunwa na ukali wa jua upungue. Ifikapo Oktoba na Novemba hupasua kichwa cha thomu, akachukua punje zilizo nene, akazitia ardhini ncha juu. Katika siku hizo hizo hupandwa ful, yaani yale maharage makubwa mapana ambayo Wamisri huyachemsha usiku kucha wakayala asubuhi, na ambayo kwa Kiarabu cha vitabu huitwa pia baqila. Mimea hii miwili hukaa shambani majira yote ya baridi, ikinyweshwa kwa zamu kutoka katika falaj, mifereji ile ya kale iletayo maji kutoka chini ya milima, ambayo mitano kati yake iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia. Kisha, joto linapoanza kurudi, huvunwa.

Desturi hii si ya Oman peke yake. Ndiyo ya Misri, ya Sham na ya nchi zote zilizozunguka bahari ya Mediterania. Ibn al-Awwam wa Ishbilia, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha kilimo huko Andalus katika karne ya 12, aliyashughulikia yote mawili, thomu na baqila. Wakulima wa nchi hizo walijua pia jambo ambalo elimu ya leo imelieleza sababu yake: shamba lililopandwa maharage ya namna hii huwa na nguvu kwa zao linalofuata. Katika mizizi yake hukaa vijidudu vinavyochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Wazee hawakuviona vijidudu hivyo. Waliona majani ya ngano ya mwaka uliofuata.

Kwa nini basi lazima baridi? Kwa thomu sababu ni hii: punje iliyopandwa inahitaji kuonja baridi kwa wiki kadhaa ndipo ipate kugawanyika na kufanya kichwa chenye punje nyingi. Isipoionja, hutoa majani mazuri ya kijani, na ukichimba hukuta kitunguu kimoja cha mviringo kisichogawanyika, au hukuti kitu. Ful nayo hupenda ubaridi, na joto likizidi hudondosha maua yake kabla hayajafanya maganda.

(Tuseme neno moja hapa, kwa faida ya mama wa nyumbani. Wako watu ambao damu yao haiyapatani na ful. Huila wakashikwa na manjano, na mkojo ukawa wa rangi ya chai nzito. Hilo ni upungufu wa kuzaliwa nao, nao ni mwingi katika nchi zilizokaa na malaria muda mrefu, pwani yetu ikiwamo. Mtoto akionyesha dalili hizo apelekwe kwa daktari upesi.)

Mapenzi ya watu wa mashariki kwa mboga hizi ni ya zamani. Katika Sura ya pili ya Qurani, Aya ya 61, twaelezwa jinsi Bani Israili walivyochoshwa na chakula cha aina moja jangwani, wakamtaka Musa (A.S.) awaombee kwa Mola wake mazao ya ardhi: mboga, matango, fumu, adesi na vitunguu. Wafasiri walikhitilafiana juu ya fumu. Wako waliosema ni ngano, wako waliosema ni thomu, na kisomo kilichopokewa kwa Ibn Masud kinataja thum waziwazi. Na katika Sahihi Muslim imo khabari ya Khaybar, mwaka wa 7 Hijriya, jinsi Masahaba walivyoingia wakiwa na njaa, wakaila thomu iliyokuwa huko kwa wingi, kisha wakaenda msikitini. Mtume (S.A.W.) akaikuta harufu yake, akawataka walioila wasiukaribie msikiti. Watu wakadhani imeharimishwa, naye akawaeleza kwamba hawezi kuharimisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu, ila yeye anaichukia harufu yake. Basi thomu ni halali, na adabu yake inajulikana.

Sasa turudi kwenye wakati. Mkulima Mwislamu aliujuaje mwezi wa kupanda? Miezi yetu ya Hijriya haikumfaa kwa jambo hilo. Mwaka wa mwezi ni siku 354, hivyo kila mwaka hurudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja, na Sura ya Tawba, Aya ya 36 na 37, imekataza mchezo wa Waarabu wa kale wa kuongeza na kuahirisha miezi. Kwa ibada huo ndio mwaka wetu. Kwa jembe, watu walitafuta hesabu nyingine pembeni. Waarabu wa Ghuba na Oman walimtazama Suhail, nyota ile kubwa ya kusini, aonekanapo alfajiri mwishoni mwa Agosti, wakaanza kuhesabu siku makumi makumi. Sisi wa mwambao tulikuwa na Nairuzi, Siku ya Mwaka, ambayo watu wa Makunduchi wanaisherehekea hadi leo mwezi wa Julai. Ilikuwa hesabu ya siku 365, nayo iligawanywa makumi, kila kumi mwongo mmoja, na kwa miongo hiyo nahodha alijua pepo na mkulima alijua mvua.

Hizo ndizo saa walizozichukua vichwani waliokwenda bara. Na huko zote ziliwapotea.

Tazama mfano huu. Burton na Speke, Waingereza wawili, walifika Ujiji Februari 1858. Ramadhani ya mwaka ule, 1274 Hijriya, iliwakuta ziwani, nayo iliingia katikati ya Aprili, mvua za masika zikikaribia mwisho. Miaka kumi na tatu baadaye, Novemba 1871, Stanley alimkuta Livingstone katika mji huo huo wa Ujiji. Siku chache tu baada ya kukutana kwao ukaandama mwezi wa Ramadhani ya 1288, na safari hii mvua ndiyo kwanza zinaanza. Mtu aliyefunga zote mbili pale ufukweni, moja aliifungua mvua ikiaga, nyingine aliifunga mvua ikibisha hodi.

Nyota nayo haikusaidia. Ujiji iko karibu digrii tano kusini ya Ikweta. Ukiwa huko, Suhail hupanda juu zaidi angani, na alfajiri ya kwanza ya kuonekana kwake huja wiki nyingi kabla ya ile ya Oman. Na hata kama angekuja siku ile ile, angeleta khabari isiyo ya kweli, kwa kuwa majira yamepinduka. Oman baridi yake ni Desemba na Januari. Kigoma na Tabora ubaridi wao ni Juni na Julai, wakati wa kipupwe, mvua zikiwa zimekwisha tangu Mei. Ama mvua huanza mwisho wa Oktoba au Novemba, zikaendelea mpaka Aprili au Mei.

Umeona basi tatizo lilivyo? Mwomani aliyezoea kupanda thomu Oktoba na Novemba, akifuata desturi ya baba yake, angeitia ardhini siku zile zile mbingu zinapofunguka. Thomu haitaki maji mengi ya kusimama. Majani hupata madoa, punje zikaoza. Na miezi aliyoitarajia kuwa ya baridi ingekuwa ya mvuke na joto. Neno lenyewe lamtega mtu: sisi tukifasiri majira hayo ya nchi za baridi twasema vuli, na vuli kwetu ni mvua.

Kwa hiyo mwenye kutaka kula thomu bara alilazimika kuigeuza kalenda yake juu chini: apande masika inapoaga, Aprili au Mei, aikuze katika kipupwe, na kwa kuwa miezi hiyo haina tone, ainyweshe kwa maji ya kisima au kijito mpaka ivunwe kabla ya mvua. Na hivyo ndivyo ilivyofanyika, angalau Tabora. Tunao ushahidi wa Stanley. Alikaa Unyanyembe tangu mwisho wa Juni mpaka Septemba 1871, yaani kipupwe na kiangazi kitupu, wakati Waarabu wa huko wakipigana na Mirambo na njia ya Ujiji imefungwa. Katika maelezo yake ya mji ameeleza kuwa Waarabu walilima ngano kwa matumizi yao kando ya matembe yao, wakapanda michungwa, milimau, mipapai na miembe, na kwamba kwa wakubwa wao mtu aliweza kupata vitunguu, thomu, pilipili, matango, nyanya na biringani. Akaongeza, kwa dhihaka kidogo, kwamba ni watu wanaojua kula. Sisi tunaona zaidi ya ulaji. Bustani kama hiyo katika mwezi usio na mvua ni kazi ya mikono kila asubuhi na kila jioni. Mikono ya nani, tutaitaja baadaye.

Wengi wa wenyeji hao wa Tabora walikuwa Maharthi, watu wa Sharqiya ya Oman, wenye mifereji na mitende. Snay bin Amir, aliyempokea Burton mwaka 1857 pale Kazeh, alikuwa mmoja wao. Tabora iko juu, yapata mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni hapo huhitaji shuka nzito. Thomu iliukubali ubaridi ule, ijapokuwa haukuwa wa Jabal Akhdar.

Lakini Ujiji si Tabora. Ukishuka kutoka uwandani kwenda ziwani unashuka mita mia nne na zaidi. Maji ya ziwa yako kiasi cha mita 770, na nchi ya ufukweni haina baridi ya kutosha mwaka mzima. Upepo wa kusi huvuma ziwani kipupwe kama uvumavyo kwetu baharini, na wavuvi huuogopa, ila haupoi kiasi cha kuigawanya punje ya thomu. Ful ndiyo kabisa. Mji ule ulistawisha miembe hata Stanley na Livingstone wakaandikwa pamoja na mwembe, na mchikichi ulikuwapo ukiwapa watu mawese. Thomu ya ufukweni ilibaki kitu cha kuja na mzigo. Na kwa kweli hakuna mboga nzuri kwa msafara kuliko hiyo, maana ikikaushwa vizuri hukaa miezi, haina uzito, wala haipondeki.

Hapa ndipo wageni walipokuwa na la kujifunza kwa wenyeji. Wajiji, ambao ni watu wa jamii ya Waha, walikuwa na soko lao ufukweni ambako hesabu ilikwenda kwa shanga zilizoitwa sofi, fupi na nene kama vipande vya kiko kilichovunjika. Walikuwa na njugu mawe, kunde na maharage. Na maharage ya nchi hiyo yana hekima yake. Hupandwa mvua zinapoanza, kisha hupandwa tena Februari au Machi, yakue na mvua za mwisho na yakauke na jua la Juni, pasipo kuozea maganda. Kadhalika katika mabonde yenye unyevu watu hulima kiangazi, wakifuata maji yanavyorudi nyuma. Angalia vizuri, ndugu yangu: huu ndio ule ule mpango wa ful ya Oman, mbegu itiwe wakati fulani ili ivuke majira magumu na kuvunwa upande wa pili. Ila kule jambo gumu lilikuwa joto, huku ni mvua. Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima aliyekuwa mkubwa wa wafanyabiashara wa Ujiji mpaka alipokufa mwaka 1885, na wenziwe wote, walikula maharage hayo ya Kiha. Ful haikuwa na haja ya kuletwa. Nafasi yake ilikuwa imekwisha kaliwa.

Sasa ile mikono. Katika nyumba nyingi za mwambao husikika maneno haya: "Babu zetu ndio waliopeleka miembe bara, ndio waliopeleka vitunguu." Ni kweli kwa kiasi, na si vibaya mtu kumkumbuka babu yake kwa kheri. Lakini mbegu hazikwenda kwa miguu ya babu peke yake. Zilikwenda vichwani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira. Na zilipofika, aliyeinama na mtungi kunywesha mara nyingi alikuwa mtumwa, mwanamke au mwanamume aliyetolewa Manyema ng'ambo ya ziwa, akavushwa kwa mitumbwi mpaka Ujiji. Wengine waliendelea mbele kwenda pwani, na wengine wakabaki hapo kulima.

Tunajua hadithi aliyoipokea Anas, na wahubiri wetu huipenda, kwamba Mwislamu apandapo mti au mmea, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Ni hadithi tukufu. Ila kuna nyingine katika Bukhari, aliyoipokea Abu Huraira, ambayo husomwa mara chache zaidi: watu watatu Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mdai wao Siku ya Kiyama, na miongoni mwao yumo aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mfanyakazi akaichukua kazi yake yote asimpe ujira. Watu wengi wa Manyema walikuwa huru kabla ya kukamatwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na mwaka 1876 Seyyid Barghash akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu, lakini biashara ya ziwani iliendelea baada ya hapo kwa miaka, na utumwa wenyewe katika Tanganyika ulifutwa kwa sheria mwaka 1922. Hatuwasemi wazee ili tuwaaibishe makaburini. Twauliza tu: katika bustani zile, ile sadaka imeandikwa katika daftari la nani, la mwenye tembe au la aliyebeba mtungi? Sisi kwa upande wetu tunadhani jawabu liko wazi.

Na walioubeba mtungi hawakutoweka. Watu wa asili ya Manyema walikaa Ujiji, wakasilimu, wakajenga, wakawa wenye mji. Kiswahili cha Ujiji na misikiti yake ni yao kama ilivyo ya mtu mwingine yeyote. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, bandari ikahamia huko na Ujiji ikaachwa pembeni na miembe yake, wao ndio waliobaki. Mwembe ule wa Livingstone ulikufa, na inayoonyeshwa leo kwa wageni ni miti iliyooteshwa kutokana nao.

Thomu inayouzwa leo katika masoko yetu hutoka Mbulu, Singida, na nyanda za juu za Iringa na Mbeya, na nyingine hutoka China, nyeupe na kubwa. Hiyo ya China ni nzuri kwa mchuzi. Kwa mbegu si ya kutegemea, kwani imezoea baridi kali na siku ndefu ambazo huku hazipo. Mtu wa Kigoma akitaka kulima, asipande ufukweni. Apande milimani, Kasulu au Buhigwe, ambako usiku wa kipupwe una ubaridi wa kweli. Atafute mbegu ya Mbulu au ya Singida, apasue vichwa Aprili mvua zinapopungua, atie punje nene peke yake, na awe na kijito karibu, kwa kuwa kuanzia Juni atanywesha mwenyewe. Akivuna Agosti, achague vichwa vilivyojaa, asiviuze, avifunge kwa majani yake na kuvitundika mahali pakavu mpaka Aprili nyingine.